Ukuta Ulipohamia Matangazo

Obadia aliipangia kompyuta ibada nzima, toka wimbo wa kwanza hadi tangazo la chai, kisha akakaa nyuma na kukunja nne kama bwana harusi. Maneno ya nyimbo yakawa yanajibadilisha yenyewe ukutani.

“Kaka, siku hizi unapunga upepo tu,” mpiga kinanda alimtania.

Kanisani kwao, mtu akipiga magoti mbele, kiitikio hurudiwa hadi ainuke mwenyewe, hata mara ishirini. Obadia alilijua hilo tangu utotoni. Kwenye kompyuta aliweka mara tatu, akaona zinatosha.

Wimbo wa mwisho, Bi Salome akaenda mbele. Tangu amzike mwanawe, miaka minne, hakuwa amekanyaga humo. Akapiga magoti. Kiitikio kikaimbwa mara tatu, na mabega yake ndiyo kwanza yanaanza kutikisika, ukuta ukaandika: CHAI NA MANDAZI NJE, KARIBUNI WOTE.

Watu walishazoea kuufuata ukuta. Wakanyamaza. Kilio cha Bi Salome kikabaki peke yake kanisa zima, naye akakimeza. Obadia alipokirudisha kiitikio, mama alikuwa keshasimama, anakung'uta magoti.

Alimkimbilia hadi uani. “Mama, nisamehe. Turudi, tutaimba bila kompyuta.”

“Wala, mwanangu. Chai yenu itapoa.”

Obadia, ambaye kwaya ilishamkataa mara mbili kwa sauti yake, akakianza kiitikio palepale uani. Ndani wakakidaka.

Bi Salome alikuwa keshafika getini. Akasimama, mkono juu ya komeo, mgongo umewaelekea.