Chai Bila Chumvi

Chai ilitolewa chini ya pazia la hema la jikoni, na haikuwa na chumvi kama ilivyo kawaida yao. Mzee Gyalbu akaionja, akaitema.

"Sukari!" alisema. "Yangji, tangu lini mimi ni mtalii?"

Ndani kisu tu kilikuwa kikikwaruza.

Mzee hakushangaa. Jana jioni yeye na mkwewe walikosana mbele ya wapagazi wote. Mafunzo ya waongoza wapandaji yanaanza wiki ijayo kule mjini, na Yangji anataka kwenda. Miaka minne sasa, tangu Tashi mtoto wa mzee afukiwe na theluji, mjane huyu amewapikia watu katika kambi hii.

"Baba, sufuria nimebeba za kutosha," alimwambia jana hiyo. "Sasa nataka kubeba kamba."

"Mlima umeshanilia mtoto," mzee alimjibu. "Mkwe haunilii. Jina lako halitaandikwa huko nikiwa hai."

Na bila neno la mkubwa wa nyumba, hakuna mtu kule mjini ambaye angempokea mafunzoni. Yangji aligeuka akaingia jikoni. Tangu hapo mzee hajasikia sauti yake.

Akashika darubini. Juu ya theluji zilionekana nukta mbili. Ya buluu ni Namgyal, mtoto wa mdogo wake, mwongozaji. Nyekundu ni mgeni wake, Bi Sulekha, mwalimu wa shule kutoka mji wa Pune. Mlima wenyewe ni wa wanaojifunza, mita elfu sita na kidogo. Wenyeji huuita Mlima wa Wageni. Lakini karibu na kilele upo ukuta wa barafu, na ukuta haumuulizi mtu amejifunza lini.

Tangu alfajiri mzee hakutulia. Alikaa juu ya jiwe, akasimama, akalizunguka hema, akarudi kwenye jiwe lake. Wapagazi waliokuwa wakicheza karata wakamtazama, wakainamisha vichwa.

Ni yeye aliyewaaga wapandaji hao wawili. Kulikuwa bado na giza, baridi inauma, mgeni kajifunika uso mpaka machoni. Mzee akamfunga uzi wa baraka shingoni kama ilivyo desturi, na mgeni akainama chini sana, viganja viwili vimekutana. Huyu kalelewa, mzee aliwaza.

"Jana alikuwa akichechemea," sasa aliliambia pazia. "Goti limevimba hivi! Leo mwone, anakanyaga kwa unyayo mzima kama kazaliwa hapa. Namgyal kampa dawa gani huyu?"

Ganda la kiazi likarushwa nje, nene, nusu ya kiazi imo humo humo. Mzee akaliokota, akaligeuza. Kwao kiazi huchemshwa na ganda lake, kila mtu akamenya chake kwa vidole.

"Unaniharibia viazi makusudi," alisema. "Sawa, nikomeshe. Lakini ruhusa sikupi."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Nukta nyekundu ikafika ukutani. Ilipanda taratibu, ikasimama, ikapanda. Upepo ukapuliza unga wa theluji, mzee akafuta darubini kwa kiganja. Alipotazama tena, mguu mwekundu ulikuwa umeteleza.

Akaruka. Chai ikamwagika yote.

"Jishike, mama! Jishike!"

Nyekundu ikaning'inia. Kiatu kikatafuta barafu, kikakosa, kikatafuta tena, kikapata. Ikapanda mpaka pale kamba ya kwanza inapofungiwa na ya pili inapoanzia. Hapo ndipo wageni hukosea: hufungua ndoano moja kabla ya kufunga nyingine, na kwa pumzi moja hiyo hawana kinachowashika.

"Ya mbele kwanza," mzee alinong'ona. "Funga ya mbele, ndipo ufungue ya nyuma." Maneno hayo alimkaririsha Tashi majira ya baridi mazima, kamba imefungwa kwenye nguzo ya nyumba, Yangji akipuliza moto pembeni.

Mkono mwekundu ukaenda mbele. Ukakaa kidogo. Ndipo ukarudi nyuma.

"Umeona?" mzee aliliuliza pazia. "Umeona mwanamke wa watu? Wewe pale ungelia."

Jua lilikuwa limeshapanda redio ya mkononi ilipokoroma.

"Baba mkubwa! Tumefika. Tuko juu kabisa."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Kwani nimeuza mmoja njiani?"

Mzee akakaa. Alijaribu kuiweka darubini kwenye mkoba wake, ikakataa kuingia. Akaipakata tu mapajani. Kisha akasema kwa sauti kubwa, jikoni nako wasikie:

"Mwambie mgeni wako, miaka arobaini nimewatazama watu pale ukutani. Huyu ni mpandaji. Mwambie angekuwa wa nyumba yangu, kesho hiyo hiyo ningeteremka mjini kwa miguu hii kumwandikisha."

Redioni ukasikika upepo, na mtu anacheka, au analia.

"Amesikia, Baba mkubwa. Anasema neno hilo usije ukalimeza."

Pazia likafunuliwa. Mwanamke akatoka akichechemea, aproni ya Yangji kiunoni, mkononi kiazi kilichomenywa mpaka kimebaki kama gololi.

"Samahani, Mzee," alisema Bi Sulekha. "Chumvi mnaiweka wapi?"