Mwangalizi wa Shomari

Siku hizi kila mwenye presha ya juu huvishwa bangili, na bangili humchagulia mwangalizi: mtu anayeutazama uso wake kwa makini kuliko wengine wote. Ya Shomari haikumchagua mkewe, Mwatumu. Ilimchagua jirani yao, Leokadia, fundi cherehani.

Basi kila asubuhi Leokadia alibisha hodi. "Shemeji, hebu tabasamu. Inua mikono yote miwili. Haya, niambie umeamkaje."

Shomari alitabasamu vizuri mno, na Mwatumu akahisi moyo unamchoma.

Jumatatu moja alimzuia Leokadia mlangoni. "Nenda kashone nguo zako. Mume wangu nitamtazama mwenyewe."

Alipogeuka, Shomari alikuwa akinywa chai, nayo ikimchuruzika upande mmoja wa mdomo. Alijaribu kusema, ulimi ukawa mzito. Mkono wake wa kushoto haukuinuka.

"Leokadia!" Mwatumu alipiga kelele. "Rudi, dada! Ni kiharusi!"

Leokadia aliita gari la wagonjwa, wakamfikisha hospitali mapema. Daktari alisema atapona.

Kisha muuguzi akampima Mwatumu pia. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya mumewe. Alivishwa bangili, akafumba macho akisubiri kusikia jina la Shomari.

"Mwangalizi wako ni Leokadia," muuguzi alisema.

Leokadia mwenyewe alikuwa ametoka nje kuwapigia ndugu simu. Mwatumu akamgeukia mumewe kitandani. Shomari alikuwa ameshaamka, na alikuwa akiutazama mlango.