Sari ya Bembea

Sufuria ya wali ilifurika, maji yakatapakaa sakafuni, na tambara halikuwapo. Vadivu akafungua sanduku, akatoa sari ya pamba yenye pindo jekundu, akaishika kwa mikono miwili.

Sari hiyo ilikuwa haiguswi. Vadivu alikuwa ameivaa mpaka ikalainika, ndipo mamamkwe wake akaikunja na kuiweka, maana nguo mpya humkwaruza mtoto. Bembea ya kichanga hufungwa kwa sari iliyochoka. Kulabu ya kuifungia ilikuwa bado darini. Kila sikukuu ya mavuno ya Pongal bibi kizee huyo aliipaka mafuta, na kila jirani aliyeingia aliitazama kwanza, kisha akamtazama Vadivu tumboni.

Asubuhi hiyo daktari alikuwa amewaambia, yeye na mamamkwe, wasihangaike tena kutafuta mtoto. Vadivu hakulia. Alikuwa amechoka, basi.

"We! Unafanya nini?" Mamamkwe alikuwa mlangoni.

"Natafuta tambara, Mama."

"Kwani matambara yameisha dunia nzima?"

"Yameisha."

Vadivu akavuta. Pindo likagoma. Akaliuma kwa meno, akavuta tena, nguo ikachanika upogo.

Bibi kizee akaitazama kulabu, kisha maji yaliyokwisha kumfika miguuni. Akaketi sakafuni taratibu, magoti yakimlia.

"Hata kuchana nguo hujui," alisema, akaikamata ncha ya pili. "Kaza huko kwako, mwanangu. Haya, vuta."