Mashua Aliyoizamisha Murugi

“Ulitoboa mashua yako mwenyewe?” hakimu aliuliza.

“Ndiyo, Mheshimiwa. Kwa shoka. Ikazama, nikaogelea hadi ukingoni.”

Watu waliojaa mahakamani Nyeri wakacheka. Murugi hakucheka. Tangu Uhuru alikuwa akiwavusha wachuma chai kwa mashua hiyo katika bwawa la serikali karibu na Othaya. Hakuwa na riziki nyingine.

“Sheria unaijua?” hakimu alifoka. “Anayetelekeza chombo katika maji ya umma hufungwa, na chombo hutolewa. Watu wanakunywa maji hayo!”

“Naijua. Niliuliza kabla ya kuizamisha.”

Askari aliyemleta akatikisa kichwa. “Mama huyu ametusumbua kituoni mwaka mzima, Mheshimiwa. Ati tuzame bwawani, ati tutazame chini ya mwamba. Nafikiri kichwa chake si kizima.”

Hapo akasimama Kingori, shemeji yake, ndani ya suti iliyopigwa pasi ikanyooka. Watu walimhurumia sana. Mkewe Monicah, mdogo wake Murugi, alikuwa amemtoroka mwaka uliopita akamwachia watoto, na bado amekuja kumtetea dada mtu.

“Mheshimiwa, huyu ni mtu wangu,” alisema kwa upole. “Kama kuna faini, nitalipa mimi. Na hiyo mashua iachwe tu huko chini. Ni mbao, itaoza yenyewe. Ya nini kuisumbua serikali?”

“Sitaki msaada wake,” Murugi akasema.

“Shemeji, usiwe mgumu. Utafungwa!”

“Wacha nifungwe.”

Alimkazia macho kwa chuki kali hata waliokaa karibu wakatazama chini. Mama mmoja akanong'ona kwamba kweli shukrani ya punda ni mateke.

Hakimu hakutaka maneno zaidi. Miezi sita jela. Na mashua itolewe majini leo hii, mshtakiwa mwenyewe akionyesha mahali alipoizamisha.

Kingori akaomba tena, mara hii kwa sauti ya juu. Hakimu alikuwa ameshainuka.

Alasiri wakafika bwawani, naye Kingori akafuata nyuma. Upepo wa mlima ulikuwa unauma, lakini kola ya shati lake ilikuwa imelowa jasho. Murugi, pingu mikononi, akaelekeza chini ya mwamba, penye kina kirefu.

“Hapo.”

Wafanyakazi wawili wa bwawa wakavua mashati, wakapiga mbizi na kamba. Mmoja akaibuka upesi, meno yakigongana.

“Afande, hiyo mashua imelalia gunia. Limefungwa kwa waya na mawe. Limepasuka kidogo...” Akajishika ukingoni. “Kuna mwanamke ndani.”

Murugi peke yake ndiye aliyegeuka.

“Shemeji,” akasema, “njoo umpokee mke wako.”