Nakala ya Jumatatu

Kwa sheria ya mji wetu, jambo ambalo halimo kwenye seva ya barua pepe halikutokea. Baba alifariki Jumanne, tukamzika. Jumatano diski za seva zikafa, na mimi ndiye fundi. Nilihangaika nazo siku mbili. Nakala pekee ya barua iliyobaki nzima ilikuwa ya Jumatatu, nikairudisha hiyo kwenye seva.

Nilipofika nyumbani, mgongo ukiniuma, nilimkuta Mama kavua nguo za eda, anakoroga uji.

"Bishara, barua ya hospitali inasema baba yako anaendelea vizuri," alisema. "Kesho tukamchukue. Hebu mtafutie viatu."

Viatu nilishavitoa sadaka. Lakini nilikuwa nimechoka mno, sikuweza kubishana. Nikapiga magoti, nikavitafuta uvunguni.