Jiko Lenye Mkono wa Mwanakombo

Siku hizo moto wa kuonekana ulikuwa marufuku majumbani, na kila jiko lilikumbuka mkono wa mpishi wake. Mzee Shemdoe aliingia dukani na jiko bovu la marehemu mkewe, Mwanakombo, huku akiwalaani wakubwa waliopiga moto marufuku.

"Babu, hili la koili ni rahisi, ila halihamishi kumbukumbu za jiko la zamani," alisema binti wa duka. "La kioo linahamisha, lakini limeunganishwa na majiko mengine yote ya mji."

"Na la kwangu peke yangu?"

"Wakubwa hawaruhusu, babu."

Alisonya, akachukua la kioo, kumbukumbu za jiko bovu zikahamishiwa humo.

Nyumbani alibandika maharage, akamimina tui zito. Lilipotaka tu kuchemka, moto ukajishusha wenyewe, taratibu, vilevile alivyokuwa akifanya Mwanakombo. Tui halikukatika.

"Lahaula! Hebu lione!" aliliambia jiko, machozi yakimlengalenga. Hata wakubwa aliwasamehe kidogo. Alikula mpaka akakomba sufuria kwa kidole.

Kesho yake jirani yake, Bi Mwajabu, ambaye tui lake lilikuwa kichekesho cha mtaa, alibisha hodi na bakuli la maharage.

"Mzee Shemdoe, onja uache kunicheka! Tangu jana jiko langu limejua kupika. Mtaa mzima ndiyo hivyo."

Mzee alionja. Ulikuwa mkono wa Mwanakombo mtupu.

"Tamu?"

"Tamu sana, jirani," alijibu, akachota tena, na tena, akitafuta tofauti, hata iwe ndogo namna gani.