Ngozi Vidoleni mwa Mjusi

Fundi cherehani hakuvua hata viatu. Alikuwa amerudi safari ya siku kumi na moja, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la kioo la mjusi wake.

Kioo kilikuwa kinachuruzika maji.

“Si unaona?” mumewe akajisifu. “Nimempulizia maji asubuhi na jioni, kama ulivyoniagiza. Kazi gani hiyo, mama?”

Fundi akachomeka kidole kwenye udongo wa sandukuni. Juu tope, chini vumbi tupu: maji yalikuwa ya leo tu.

Akamtoa mjusi, akamweka kiganjani. Mjusi wa aina ile akikosa unyevu siku nyingi, ngozi kuukuu haimtoki vizuri, inamng’ang’ania vidoleni. Na kweli, ilikuwa imebana kila kidole kama uzi uliozungushwa ukafungwa fundo, ncha zimeanza kuwa nyeusi.

“Labda anaumwa,” mume akasema, majigambo yamemwisha.

“Haumwi. Amekauka.” Akaleta bakuli la maji ya uvuguvugu, akamtumbukiza miguu taratibu. “Kaa hapo, baba. Nikishamvua hizi soksi, utaniambia siku zote hizo ulikuwa unalala wapi.”

Mume akakaa. Simu yake ikaanza kuita mfukoni, naye akajifanya haisikii.